Nani Anamsikiliza Mtoto Akisoma?

Mwongozo wa mwalimu uliosambazwa na mradi wa Tusome katika shule za msingi za Kenya kuanzia mwaka 2015 hauachi mambo mengi yajiendee yenyewe. Somo la nusu saa limekatwa vipande vya dakika chache chache. Mwalimu anatamka sauti ya herufi peke yake, kisha anaitamka pamoja na darasa, kisha darasa linaitamka bila yeye. Zinafuata silabi, maneno, na hadithi fupi yenye picha. Maswali ya kuuliza yamekwisha kuandikwa.

Kuna walimu waliopumua walipoupata. Wengine walijiona wamedharauliwa. Ugomvi huo una mizizi mirefu, na Kenya haiko peke yake ndani yake. Tanzania inauishi tangu mwaka 2005, mtaala ulipogeuzwa kuwa wa kujenga umahiri na walimu wakaambiwa waache kuhubiri, wawashirikishe wanafunzi. Kenya yenyewe iliingia upande huohuo Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza madarasani nchi nzima. Yaani walimu wa eneo moja wanaambiwa kwa wakati mmoja wafuate hatua zilizopangwa na wamwachie mtoto agundue mwenyewe.

Mjadala huu umepewa watu watatu. Wamebuniwa, ila hoja zao husikika katika ofisi za walimu na vikao vya wazazi, na tafiti na matukio ya hadharani wanayoyataja ni ya kweli. Wa kwanza ni Mwalimu wa gredi ya kwanza kutoka kaunti ya Kakamega. Wa pili ni Mkufunzi, mzee aliyestaafu kazi ya chuo cha ualimu mjini Morogoro. Wa tatu ni Mzazi, mama wa Tanga ambaye watoto wake wanasoma shule asubuhi na kwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani jioni.

Mkufunzi anaanza bila kuzunguka. "Mwalimu, wewe kazi hii umeisomea. Ukapewa cheti. Leo unapewa kitabu kinachokwambia useme nini saa mbili na dakika tano, na saa mbili na dakika kumi useme nini. Sasa ulisomea nini? Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kusimama pale akakisoma."

"Si mtu yeyote, Mzee," Mwalimu anajibu. "Nikwambie ukweli, kabla ya mwongozo nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa mimi. Naandika sentensi ubaoni, nasoma, wananifuata. Darasa zima linaimba. Ukipita nje unasema hawa wamejua. Ingia ndani, mwambie mmoja aanzie mstari wa tatu. Ataanza wa kwanza, kwa sababu wimbo unaanzia hapo."

Aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la chini amekiona kitu hicho. Mtoto ameshika kitabu, macho yako dirishani, na mdomo haukosi hata silabi moja. Wimbo unamficha asiyejua katikati ya wanaojua, na mwalimu anatoka darasani akiamini somo limeeleweka. Mtoto naye anajifunza kwamba kusoma ni kupaza sauti pamoja na wenzake. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana mtoto wa namna hiyo hajui kwamba hajui.

Tusome ulitanguliwa na jaribio lililoitwa PRIMR, lililofanywa Kenya kati ya 2011 na 2014. Watafiti walilinganisha shule za namna tatu: ambazo walimu wake walipewa mafunzo na kutembelewa darasani, ambazo pamoja na hayo kila mtoto alipata kitabu chake, na ambazo pamoja na hayo yote mwalimu alipata mwongozo wenye somo la kila siku. Kundi la tatu ndilo lililopata faida kubwa zaidi kwa kila shilingi iliyotumika. Mafunzo na vitabu vilikuwa gharama kubwa. Mwongozo uliongeza gharama kidogo tu, ukaongeza usomaji.

"Sikatai hesabu hizo," anasema Mkufunzi. "Lakini soma na walichokiandika watu haohao baadaye. Benjamin Piper na wenzake, waliohusika na Tusome kwa karibu, walipitia miradi 19 katika nchi 13. Wakakuta miongozo inasaidia, ndiyo. Wakakuta pia kwamba ile inayombana mwalimu sana, inayomwandikia kila neno, haisaidii kama ile inayomwachia nafasi. Na walimu waliotazamwa darasani walikuwa wanaibadilisha."

"Mimi naibadilisha kila wiki," anasema Mwalimu. "Hadithi ikitaja ngalawa, na watoto wangu hawajaiona bahari, nasimama. Nachora ubaoni. Nauliza nani amewahi kuvuka mto Isiukhu, na alivukaje. Hapo dakika tatu zimekwenda, mwongozo haukuzipanga, na hakuna aliyekuja kunikamata."

"Basi wewe si mfuasi wa mwongozo."

"Ni mfuasi, Mzee. Ningekuwa sina pa kurudi, dakika hizo tatu zingekuwa kipindi kizima."

Hapo Mkufunzi anageukia jambo lililo moyoni mwake. Anakumbusha miradi ya kisomo cha watu wazima kando ya Ziwa Victoria, iliyoanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, ambako wakulima na wavuvi walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyoandikwa juu ya kazi zao wenyewe. Anakumbusha kwamba mwaka mmoja kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea na kulaumu shule inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yako vitabuni. "Mwanafunzi ana kitu kichwani mwake kabla hujamfundisha," anasema. "Mbinu shirikishi maana yake ni hiyo. Muulize. Mpe kazi afanye na wenzake. Mwongozo wako unamwona kama debe tupu."

Mwalimu anamwuliza darasa la kwanza la Morogoro lina watoto wangapi. Swali hilo lina uzito wake. Tanzania ilipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia mwaka 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda kwa kishindo, na madarasa ya watoto zaidi ya mia yakawa jambo la kawaida katika wilaya nyingi.

"Nimehudhuria semina za mbinu shirikishi," Mwalimu anaendelea. "Tunagawana makundi. Watoto wanane, kitabu kimoja. Anayekaa mbele ya kitabu anakisoma. Anayekaa upande anakisoma kwa shingo. Anayekaa mkabala anakiona juu chini. Kalamu anashika mmoja, yule aliyekuja shuleni akijua tayari. Anajibu kwa niaba ya wote, na mimi naandika kwamba kundi limefaulu. Tofauti yake na wimbo ni ipi?"

Mkufunzi ananyamaza kidogo, kisha anasema kosa hapo ni la kitabu kimoja, si la kundi. Ana haki. Lakini hoja ya Mwalimu ina wenzake katika maandiko. Frances Vavrus, mtafiti Mmarekani aliyefundisha na kuchunguza katika chuo cha ualimu mkoani Kilimanjaro, aliandika mwaka 2009 kwamba ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati hauwezi kuhamishwa mzimamzima bila kutazama madarasa yalivyo, vifaa vilivyopo, na mitihani inayomsubiri mtoto mbele. Mwalimu anayelaumiwa kwa kung'ang'ania mihadhara mara nyingi amepima hali yake vizuri kuliko anayemlaumu.

Mzazi alikuwa akisikiliza. Sasa anaomba nafasi.

"Nyinyi mnabishana juu ya mwalimu. Mimi nitasema juu ya daftari. Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la pili, daftari lake lilikuwa safi, limejaa tiki nyekundu. Nikafurahi. Siku moja nikampa gazeti lililofungiwa vitumbua, nikamwambia nisomee hapa. Hakuweza. Nikafungua daftari, nikamwonyesha sentensi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, yenye tiki. Hakuweza vilevile. Alikuwa ananakili ubaoni kama anachora maua."

Kilichomkuta Mzazi kilianza kupimwa hadharani mwaka 2009 nchini Kenya na mwaka uliofuata Tanzania na Uganda, mpango wa upimaji uitwao Uwezo ulipoanza kuwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba. Walibeba karatasi yenye herufi au silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, wakamsikiliza kila mtoto peke yake. Mfano waliutoa India, kwa shirika la Pratham. Karatasi ilikuwa nyepesi kabisa, na ilitikisa wizara tatu, kwa kuwa watoto wengi wa madarasa ya juu walishindwa na hadithi ya darasa la pili. Walikuwa wameandikishwa, wamehudhuria, wamefanya mitihani ya ndani. Hakuna aliyekuwa amewaambia wazazi wao.

Tanzania ilijibu. Mwaka 2015 ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliopunguza masomo na kuweka nguvu katika kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK kama walimu wanavyoiita, na maelfu ya walimu wakafundishwa kuanza na sauti za herufi. Kwa lugha kama Kiswahili, inayosomwa kama inavyoandikwa, njia hiyo hufika haraka. Ina hatari yake pia, na Mkufunzi anaitaja mara moja: mtoto akishika silabi anaweza kusoma ukurasa mzima bila kujua umesema nini, hasa kama nyumbani wanazungumza Kisukuma au Kimaasai. Kwa hiyo maswali ya mwisho wa hadithi, yale ambayo mwalimu aliyechelewa huyaruka kwanza, yana thamani kuliko yanavyoonekana.

Kisha jina la Bridge linatajwa, na mjadala unapanda joto.

Kampuni hiyo ilifungua shule yake ya kwanza katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2009. Ada ilikuwa ndogo. Mwalimu alishika kishikwambi na kufuata somo lililoandikwa makao makuu, neno kwa neno, na shule zote zilikuwa ukurasa mmoja siku moja. Vyama vya walimu viliipinga vikali. Uganda iliamuru shule zake zifungwe mwaka 2016. Halafu mwaka 2022 kikatoka kitu kilichowapa tabu wapinzani: utafiti wa Michael Kremer na wenzake, waliofuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa Kenya walioomba ufadhili wa kusoma Bridge. Waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo ulinganisho ulikuwa wa haki. Baada ya miaka miwili, waliopata nafasi ya ufadhili walikuwa wamewaacha wenzao mbali.

"Umbali huo haukuja bure," anasema Mkufunzi. "Walimu wale walilipwa sehemu tu ya mshahara wa mwalimu wa serikali, wakafanya kazi saa nyingi zaidi. Ukinifundishia mtoto kwa kumkamua mtu mwingine, siwezi kukupigia makofi."

Mwalimu anakubaliana naye kuhusu mishahara, na hatoi neno jingine. Makala haya nayo yanasimama hapo. Matokeo ya watoto wale ni ya kweli na hayafai kufichwa kwa sababu yanaudhi. Lakini utafiti ule ulipima kifurushi kizima: masomo yaliyoandikwa, saa ndefu, usimamizi wa karibu, mahudhurio ya mwalimu. Anayeuchukua kuthibitisha kwamba neno kwa neno ndiyo dawa anauchukua zaidi ya ulivyosema, na ile tathmini ya nchi 13 inamzuia.

Kremer huyohuyo ana historia na magharibi ya Kenya. Alifundisha huko akiwa kijana, akarudi kama mtafiti, na mwaka 2019 akashiriki tuzo ya Nobel ya uchumi na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilihusu vitabu vya kiada vilivyogawiwa shule za Busia katika miaka ya 1990. Kila mtu alitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa juu tangu mwanzo, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na kwa kasi ya mtaala ambayo watoto wengi hawakuwa nayo.

Jaribio jingine la mwaka 2005 linazungumza na Mwalimu moja kwa moja, maana lilifanyika upande wake wa nchi. Shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, na darasa likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati. Katika nyingine waligawanywa kwa alama za mwanzo. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa alama walikuwa wamejifunza zaidi, na jambo la kushangaza ni kwamba waliokuwa chini walifaidika sawa na waliokuwa juu. Mwalimu aliyepewa darasa la watoto wa kiwango kinachokaribiana alijua aanzie wapi.

Mkufunzi anatikisa kichwa. "Mikondo naijua. A ya wenye akili, D ya waliokatiwa tamaa. Mwalimu mzuri anapelekwa A, mgeni anatupwa D. Mtoto anajua yuko wapi kabla hujamwambia."

Hoja hiyo ni nzito kuliko zote alizotoa, na jibu lake liko ndani ya utaratibu wa jaribio lenyewe. Walimu walipangiwa madarasa kwa kura, kwa hiyo waliokuwa chini hawakuachiwa mwalimu dhaifu. Pratham nchini India, na Zambia iliyoanza kuijaribu njia hiyo mwaka 2016, hawagawi shule nzima: wanatenga saa moja au mbili kwa siku, watoto wa madarasa mbalimbali wanakaa kwa kiwango cha kusoma, na anayevuka anahama kundi. Bila hayo mawili, kura na kuhama, Mkufunzi yuko sahihi kabisa.

Mzazi anacheka. "Mnakwenda India na Zambia. Jioni piteni Tanga, mtaa wowote wenye chuo. Watoto ishirini juu ya jamvi. Mmoja yuko alifu, mwingine Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Rika mbalimbali. Kila mmoja anaitwa mbele ya mwalimu, anaweka kidole, anasoma. Akikosea anarudishwa. Somo lake halisongi mpaka alijue, hata kama mdogo wake amempita. Wakubwa wanawasomesha wadogo."

"Kwa kukariri, mama," anasema Mkufunzi. "Na kwa fimbo. Na kwa lugha asiyoielewa."

"Kukariri kupo, na fimbo nimeionja, sitaficha. Sitaki shule igeuke chuo. Nataka kitu kimoja tu cha chuo kiingie shuleni. Mwalimu wa mwanangu wa Kurani, ukimwuliza leo mtoto amefika wapi, anakwambia aya. Mwalimu wa shule ananiambia anaendelea vizuri."

Hakuna aliyemjibu Mzazi haraka, na ilistahili hivyo, kwa sababu amegusa kinachounganisha ushahidi wote uliotajwa. Uwezo walimsikiliza mtoto mmoja mmoja. Maafisa wa Tusome waliotembelea shule na vishikwambi vyao hawakumtazama mwalimu tu na kuondoka. Mwisho wa somo waliwaita watoto watatu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakawasikiliza wakisoma, wakaandika matokeo. Mgawanyo wa watoto kwa viwango unaanza kwa kumsikiliza kila mmoja ili ajulikane yuko wapi. Njia zilizoshindwa, wimbo wa darasa zima, kundi la watoto wanane, vitabu vya Busia, zote ziliwezekana kuendeshwa mwaka mzima bila mtu mzima hata mmoja kusikia sauti ya mtoto fulani akisoma peke yake.

Mwalimu anarudi kwenye hesabu. "Kipindi ni nusu saa. Nina watoto 60. Nikimpa kila mmoja zamu, ni sekunde 30, na sijafundisha chochote. Kwa hiyo nawasikiliza watano kwa siku, wengine wakisoma wawili wawili. Nina daftari: jina, tarehe, ukurasa, silabi iliyomkwamisha. Siku 12 za shule nimewamaliza wote, naanza upya. Wiki iliyopita nimegundua watoto sita wanachanganya *nd* na *nj*. Kesho yake nikafundisha hilo."

"Hiyo ndiyo kazi ya ualimu," Mkufunzi anasema kwa furaha. "Na haikuandikwa kwenye mwongozo."

"Haikuandikwa, Mzee. Lakini muda wa kuifanya nimeupata kwa mwongozo. Zamani usiku nilikuwa natunga somo la kesho. Sasa usiku nasoma daftari langu."

"Nalitaka hilo daftari," Mzazi anadakia. "Lije kwenye kikao cha wazazi."

"Likija, kesho yake mtoto wa mwisho anapigwa nyumbani," Mkufunzi anaonya. "Mtaligeuza orodha ya wa kwanza mpaka wa sitini."

"Kila mzazi ataona ukurasa wa wake tu," anasema Mwalimu.

"Hilo kwako wewe mwenye 60. Kuna walimu wangu wenye 150. Watano kwa siku ni siku 30, wiki sita za shule, ndipo mtoto asikilizwe tena. Serikali iajiri kwanza."

Mzazi anainuka kutafuta viatu vyake. "Na hao 150 wanakaa wakisubiri ajira, Mkufunzi? Wasikilizwe hata mara moja kwa wiki sita. Mwanangu hakusikilizwa miaka miwili."

"Basi njooni kikaoni muulize walimu wako wapi."

"Tutakuja, na swali hilo tutaliuliza. Daftari lianze Jumatatu."